Mtetemo katika Gari la Bwana Kessenich

Nimekuwa nikipokea simu katika karakana ya magari ya Reinhild Thelen, hapa kwenye milima ya Eifel, kwa miaka kumi na minane, na sijamwona mtu anayeheshimu chuma kama yeye. Kwa hiyo Bwana Kessenich aliporudi mara ya nne na gari lake la michezo, nilimwonea Reinhild uchungu.

Tatizo lilikuwa limeanza baada ya Pasaka, tulipomtolea matairi ya majira ya baridi na kumwekea ya kiangazi. Gari likifika kasi ya kilomita mia moja na hamsini kwa saa, kiti kilitetemeka. Mara tatu Reinhild alitoa magurudumu, akayafanyia balansi ili uzito ulingane pande zote, akayarudisha kwa mkono wake. Kila mara mtetemo ulizidi.

"Bi Thelen, linatikisika kuliko mashine ya kufulia ya mama mkwe wangu," alisema Kessenich.

"Basi muuzie yeye."

"Mimi sitanii. Karakana nyingine wamesema ni propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma. Jumatatu nalipeleka gari wakaibadilishe."

"Niachie mpaka Ijumaa. Nikishindwa, nitakupa barua ya kusema nimeshindwa."

Alimaanisha. Cheti chake cha ufundi mkuu kinaning'inia ukutani, na barua kama hiyo hajawahi kuiandika.

Alhamisi aliliinua gari, akaweka kwenye ukingo wa rimu ya nyuma kipimo chenye uso kama wa saa, akaniita. Alizungusha gurudumu polepole kwa kidole kimoja. Mshale ukacheza. Akalitoa gurudumu, akalipima peke yake kwenye mashine. Mshale ukatulia kabisa.

"Gurudumu limenyooka," alisema. "Linakaa upande."

Alipitisha ukucha kwenye habu, mahali rimu inapoegemea. Ilitoka grisi ya shaba, imekauka, nyembamba kuliko unywele. Yeye ndiye huipaka ili rimu zisigande kwa kutu ya chumvi ya barabarani. Kila alipolirudisha gurudumu, alipaka tena juu ya ile ya zamani.

Nilitazama ile chembe kwenye ukucha wake. Kitu nisichoweza hata kukishika kilikuwa kinatikisa tani moja na nusu ya chuma pamoja na mtu mzima ndani yake.

Reinhild alizisugua habu zote nne, akafunga magurudumu yakiwa makavu, tukaenda barabara kuu. Kwenye mia na hamsini hakukuwa na kitu. Kwenye mia mbili nilisikia upepo tu.

Angeweza kumwambia Kessenich kwamba amelitengeneza tu, bila kutaja grisi, na angeshukuriwa. Nilimwambia hivyo tukirudi. Alinitazama kana kwamba nimetema mate sakafuni.

Ijumaa Kessenich aliuliza, "Ilikuwa nini?"

"Mimi. Nilipaka grisi mahali pasipotakiwa kupakwa kitu. Mara nne."

"Wewe?"

"Na nilikuwa najisifia usafi."

Kessenich alikuna shingo. "Wale wangenibadilishia propela, Bi Thelen."

"Na ungeendelea kutetemeka. Chukua ufunguo."

Alipoondoka, Reinhild aliniomba majina ya wote tuliowabadilishia matairi tangu Pasaka. Walikuwa thelathini na mmoja. Nilitaka kuwapigia mimi, ndiyo kazi yangu. Alininyang'anya simu, akaketi kwenye kiti changu na ovaroli yake chafu, akaanza na jina la kwanza.

"Ni Thelen wa karakana. Nimekosea kwenye gari lako. Lini unaweza kulileta?"