Kompyuta Iliyomkataa Mjane

Nimewahi kumwomba Mungu aiharibu kompyuta yangu mwenyewe.

Si utani. Niliomba kimoyomoyo, vidole viko kwenye kibodi, jasho linanitoka, watu wamejaa sebuleni kwangu wakingoja kuona kama itazima au haitazima.

Isingezima, kuna mtu angeuawa siku hiyo.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Ilikuwa 2006, Kitale. Nilikuwa nachapa kazi za watu nyumbani kwangu, nyuma ya soko. Barua, kadi za harusi, na hasa programu za mazishi, zile zenye picha za marehemu na historia yake.

Kompyuta niliiunganisha mwenyewe. Kava niliiokota hapahapa Kitale, motherboard, yaani ubao wake mkuu, na RAM nikanunua Bungoma, skrini nikauziwa na mwalimu aliyekuwa anahama. Mwanamke kuunganisha kompyuta siku zile? Nilitembea kifua mbele, nawaambia.

Ila ilikuwa na tabia moja mbaya. Ilikuwa inazima ovyo.

Unaweza kuchapa asubuhi nzima imetulia. Halafu unagusa herufi moja, skrini inageuka samawati, maandishi meupe ya Kizungu yanajaa, kisha giza. Nilibadilisha waya. Nikaweka Windows upya. Nikapuliza vumbi mpaka nikashikwa na kikohozi. Wapi!

Mwishowe nikaamua ni RAM, kile kipande cha kumbukumbu. Nilikuwa na uhakika nayo kama ninavyojua naitwa Roselyne.

Jumatano moja wakaja watu kutoka upande wa Kwanza, nje ya Kitale. Mfanyabiashara wa mahindi, Wekoye, alianguka ghafla kwenye ghala lake, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

Walikuja watatu. Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Khaemba. Shangazi yao. Na mjane, Nakhungu, msichana tu ukimwangalia, leso imefungwa kichwani, macho chini.

"Pole sana mama," nikamwambia.

"Asante dada."

Nikaanza kazi. Ukurasa wa kwanza picha ya Wekoye. Ukafuata wa wazazi, wa shule, wa biashara. Nikafika ukurasa wa ndoa. Nikabandika picha ya Nakhungu, nikaanza kuandika jina lake.

Samawati. Giza.

"Ni nini hiyo?" Khaemba akauliza.

"Hii mashine huwa na shida kidogo, mzee. Iache ipumzike."

Tukanywa chai. Nikaiwasha, nikarudia kazi kutoka mwanzo. Ukurasa wa ndoa, picha ya Nakhungu, samawati.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Ati imezima kwa huyu tena?"

Ilipozima mara ya tatu, palepale, alisimama wima.

"Imekataa jina rake! Wekoye amekataa! Si mimi nirisema tangu mwanzo huyu mtoto wa watu ana kitu?"

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuna aliyecheka na mimi.

"Shangazi, hiyo ni RAM," nikasema.

"RAM ndio nani?"

Nikajaribu kueleza. Kwamba picha zikiwa nyingi, kumbukumbu ya mashine inajaa mpaka inafika kwenye sehemu iliyooza, ndipo inazima. Nilikuwa naongea na ukuta. Khaemba alikuwa ameshatoka nje na simu yake. "Kesho asubuhi mje Kitale," nikamsikia akisema. "Wote. Mtajionea wenyewe."

Niliwasihi waende kuchapisha kwenye cyber ya mjini, nitawarudishia pesa zao zote.

"Hapana madam," Khaemba akasema. "Hapa ndipo ukweli umetokea."

Kisha akamgeukia Nakhungu bila kumwangalia usoni. "Jumamosi hutatupa udongo kaburini. Na tukimaliza kuzika, vijana watajua la kufanya na hiyo nyumba yako."

Watu wa pande zetu wanajua vijana hufanya nini na nyumba ya mtu aliyeitwa mchawi. Mwenyewe akiwa ndani.

Nakhungu alinishika mkono mlangoni. Mkono wake ulikuwa baridi. "Dada, mimi sikumfanya kitu. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu Krismasi. Nilimwambia aende hospitali, akakataa."

Mimi ni mwoga, sifichi. Walipoondoka nilipakia begi niende kwa mama yangu Bungoma. Lakini nikikimbia, neno la mwisho litakuwa la kompyuta. Na nikiitengeneza kimyakimya, watasema Nakhungu amenihonga. Ilibidi niwaonyeshe mchana kweupe kwamba mashine haijui mtu.

Asubuhi pikapu ikaja imejaa. Wazee wakaketi kwenye viti vyangu, kina mama sakafuni, vijana wakasimama dirishani. Nakhungu alisimama peke yake kwenye kona. Hata mlevi hangekaa karibu naye.

Nikakohoa kidogo. "Wazee wangu, mashine hii huzima kwa mtu yeyote. Nitatoa picha ya Nakhungu, niweke ya Mzee Khaemba mahali palepale. Mtaona."

Khaemba akatabasamu. "Weka. Mimi niogope nini?"

Nikaanza mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, taratibu, wote wakichungulia. Chumba kilikuwa na joto la watu. Nikafika ukurasa wa ndoa, nikabandika picha ya Khaemba niliyoikata kutoka ile ya familia waliyoleta.

Samawati. Giza.

"Mmeona!" Niliruka kutoka kwenye kiti. "Si nilisema?"

Hakuna aliyefurahi. Nikageuka. Macho yote yalikuwa yametoka kwa Nakhungu, yamehamia kwa Khaemba.

"Kumbe ni wewe," kijana mmoja dirishani akasema polepole.

"Si alikuwa anagombania lile shamba la chini na marehemu?"

"Ndio maana alikuwa anapiga kelele hivyo, bana!"

Vijana wakaingia ndani. Mmoja akamkamata Khaemba kwa kola ya koti. Sikuwa nimemwokoa mtu. Nilikuwa nimebadilisha tu jina la wa kuchomwa.

"Hapana! Ni mashine, jamani, ni mashine!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wao nao wakapiga zao. Wazee wakabishana muda mrefu, kompyuta imezima pale mezani. "Basi niweke yangu!" nikasema mwishowe. "Niweke picha yangu mahali palepale muone!"

Wakanipisha. Nikawasha. Safari hii kazi nilikuwa nimeihifadhi, kwa hiyo nikaenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa, nikabandika picha yangu, nikaandika Roselyne. Nikangoja.

Hakuna kitu. Feni inavuma, skrini imetulia, mimi nimetulia kwenye skrini nikitabasamu.

"Kwa huyu imekubali," shangazi akasema.

Khaemba akaanza kulia. Mzee mzima. "Sikumuua ndugu yangu, jamani. Sikumuua." Kijana mmoja akatoka nje, na nikamsikia akimuuliza dereva wa pikapu kama kuna petroli ya akiba.

Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani.

Ndipo Nakhungu akasema. Mara ya kwanza tangu aingie.

"Weka picha ya baba watoto."

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya Wekoye. Iweke mahali pangu. Tuone kama mwenyewe atakubali."

Nikamwangalia, nikaelewa. Ikizima, itakuwa imemshtaki marehemu, na upumbavu wote utaonekana. Isipozima, Khaemba amekwisha. Na yeye Nakhungu, aliyekuwa achomwe kwa maneno ya mzee huyohuyo, ndiye aliyekuwa anamtafutia njia.

Watu wakasogea wote. Hata waliokuwa nje waliingia. Nilikuwa nasikia pumzi ya shangazi shingoni.

Nikabandika picha. Kimya.

Nikaandika W. Nikaandika e. Kimya.

Nikakuza picha, nikaipunguza, nikaisogeza kushoto, nikairudisha. Nilikuwa navuta muda tu. Miezi mingi nilikuwa nimeibembeleza mashine hii isizime. Sasa nikaomba, Mungu wangu, izime. Iue kabisa, sitalalamika.

"Imekubali," mtu akasema nyuma yangu. "Twendeni."

Samawati. Giza.

Waliokuwa wameanza kutoka wakarudi.

"Haya," Nakhungu akasema, machozi yanamtoka. "Nani alimuua Wekoye? Ni Wekoye? Basi nendeni mochari mkamchome."

Kijana aliyemshika Khaemba akaiachilia kola ya koti. Akaiangalia mikono yake, akatoka nje. Shangazi akaketi sakafuni akaanza kulia, na safari hii alikuwa anamlilia mtoto wa ndugu yake, si kitu kingine.

Khaemba alimsogelea mjane. "Nisamehe, mama."

"Tumzike kwanza," Nakhungu akajibu.

Jumamosi alitupa udongo kaburini mbele ya watu wote. Nilikuwepo. Programu ilichapwa kwingine.

Hapo ningemaliza, mngenipigia makofi. Lakini kuna kitu sijawahi kumwambia mtu wa Kwanza hata mmoja.

Wiki iliyofuata niliibeba mashine hadi Bungoma, kwa Hitesh, aliyeniuzia RAM. Nilienda na maneno makali. Akaipima RAM. Akaipima tena.

"RAM yako nzima kabisa, dada."

"Haiwezekani."

Akamulika tochi ndani ya kava. "Ona hizi." Kwenye motherboard kulikuwa na kapasita, vile vikopo vidogo vya kushikilia umeme. Vichwa vyake vilikuwa vimevimba, vingine vimevuja. "Hizi zikipata joto, inazima. Uwe unaweka picha, uwe unacheza karata, inazima tu. Ukiipumzisha inapoa, inafanya kazi tena."

Nikakaa kwenye boksi la karatasi.

Picha hazikuhusika kabisa. Ukurasa wa ndoa ulikuwa tu mahali tulipofika joto likiwa limezidi. Yangu ilipita kwa sababu mashine ilipoa wakati watu wanapigana maneno. Na ya Wekoye? Mtu mmoja tu angefungua dirisha la pili kuingiza hewa, ingepita pia. Khaemba angekuwa majivu, na mimi ndiye niliyetia picha yake.

Wao walikuwa na mchawi wao. Mimi nilikuwa na wangu, anaitwa RAM, na nilimwapia mbele ya watu bila kumpima hata siku moja.

Ndugu msomaji, kitu kikizima mikononi mwako na hujui sababu, sema hujui. Utaonekana mjinga kidogo. Lakini hakuna mtu atakayetumwa kutafuta petroli.