Cirhuza wa Mitaro

Pale redio ya mji, kazi iliyomchosha Emérence Nabintu kuliko zote ilikuwa kuzungumza na jamaa za marehemu. Kila Jumamosi saa sita mchana alikuwa na dakika kumi za kuwakumbuka watu wa Bukavu waliofariki juma lile. Hawakuwa wakubwa, maana wakubwa walikuwa na watu wao wa kuwalilia. Walikuwa wale waliowahi kujulikana kidogo, kisha wakasahauliwa wangali hai: mkunga aliyezalisha nusu ya Kadutu, refa aliyewahi kuzifukuza timu zote mbili uwanjani. Kipindi alikianzisha mwenyewe, na tangu siku hiyo hakupata raha. Ukiwauliza watoto baba yao alifanya nini duniani, wanakujibu alikuwa mtu mwema, alipenda wageni.

"Bafu bote ba Bukavu balipendaka wageni," Emérence alizoea kunung'unika juu ya wafu wake akikunja daftari. "Sijui bale babaya banazikwa wapi."

Kisha, mwaka sabini na mbili, likaja kutoka Kinshasa agizo la majina. Majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Kila mtu akawa citoyen, yaani raia, na kubaki na jina la mababu. Emérence mwenyewe akawa citoyenne Nabintu kwenye makaratasi, ingawa sokoni hakuna aliyejisumbua kumwita hivyo. Hilo aliliweza. Waliomshinda ni wafu. Katika mji wa Washi, wenyeji wa huku, ukimvua mtu jina la ubatizo, unabaki na jina ambalo wenzake ishirini wanalo.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, siku ya Ijumaa, akapata habari kwamba Marcellin Cirhuza amefariki Cimpunda, mtaa wa mlimani. Miaka ya sitini huyo alikuwa mshauri wa komini, serikali ya mtaa, na Cimpunda nzima ilimchukia. Kila nyumba aliilazimisha kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Alipita na kijiti akipima kina. Mtaro usipofika magotini, alisimama palepale hadi uchimbe tena. Baba yake Emérence alichimba mara mbili, akitukana kwa lugha yake ya Mashi tangu mwanzo wa mtaro hadi mwisho.

Emérence akaandika ukurasa mzima. Directeur wa redio, aliyevaa abacost, koti la watu wa serikali, lililofungwa vifungo hadi shingoni, akauchukua na kalamu nyekundu. Kwanza akafuta Marcellin. Halafu akafuta mitaro.

"Citoyenne, mitaro haiko mambo ya kulilia mutu kwa redio. Na kesho dakika kumi hazipo, tuko na hotuba ya Kinshasa."

Ikabaki: Citoyen Cirhuza, aliyeutumikia mji huu kwa moyo, amefariki. Kilio kiko nyumbani kwake.

"Nyumbani kwake wapi?" Emérence akauliza.

"Batu banajua kwake."

Kesho yake saa sita akasoma alichopewa. Saa nane na nusu akaingia redioni mzee mmoja mwenye kandambili, jasho likimtiririka. Alikuwa Jean-Marie Cirhuza, mwalimu wa kwaya, mkazi wa Nyawera.

"Maman Emérence, niangalie muzuri. Nimekufa?"

"Hapana, papa."

"Basi kuja uambie bale batu. Nyumba imejaa. Shangazi ametoka Panzi kwa miguu, ananiona na macho yake, na anakataa kunyamaza. Anasema hawezi kutembea vile bure."

Emérence akachukua kitambaa chake cha kichwa na kumfuata.

Uani Nyawera palikuwa na watu kama themanini. Magunia mawili ya makaa ya kupikia msibani yalikuwa yameshafika, na madumu ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na wanawake walikuwa wakimenya mihogo. Emérence akapanda juu ya kiti, akaeleza kwamba Cirhuza huyu ni mzima, aliyekufa ni wa Cimpunda, na kilio kiko huko.

"Cirhuza gani?" akauliza mtu mmoja.

"Wa mitaro."

Mwanamume mmoja akasema, "Yule alinipima na kijiti mara ine?" Akainua dumu lake, akaelekea nyumbani. Wengine nao wakaanza kukusanya vitu vyao.

Hapo uvumilivu ukamwisha Emérence. Watoto wa wafu wa kila juma, directeur, majina, na sasa hawa.

"Mwaka ule mvua ilipoporomosha kilima cha ng'ambo, nyumba kumi na moja zilienda na batu ndani," akasema kwa hasira. "Cimpunda zilianguka ngapi?"

Mwenye dumu akasimama. Akaangalia chini.

"Hata moja," akasema.

"Basi beba kasiksi yako tupande."

Jean-Marie akavaa viatu, akawaita wanakwaya wake, akatangulia. Shangazi yake akafuata nyuma akilia vilevile, sasa kwa haki. Walipanda wakihema, makaa kichwani, na njia nzima watu walimlaumu marehemu: mara ile alivyomtoa fulani kitandani akiwa na malaria ili achimbe, mara ile alivyorudi Jumapili baada ya misa na kijiti chake. Emérence aliandika akitembea.

Kwa marehemu walikuta benchi moja na watu wanne. Mjane, maman Agathe, alisimama alipouona msururu ukiingia.

"Hamukusikia redio, maman?" Emérence akamuuliza.

"Nilisikia," akajibu. "Nikasema, masikini, leo kuna Cirhuza mwingine amekufa."

Emérence akakaa chini karibu naye, na kwaya ikaanza.

Jumamosi iliyofuata alisoma ukurasa wake wote: Marcellin, kijiti, mitaro, nyumba ambazo hazikuanguka. Directeur alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Umesoma jina lililokatazwa."

"Nimesoma jina la mutu, citoyen directeur."

Kipaza sauti akapewa kijana kutoka ofisi ya chama, kipindi kikawa orodha tupu ya majina, na Emérence akawekwa kwenye mashine ya kuandika. Orodha aliichapa yeye. Juma la kwanza akachapa: citoyen Mirindi, fundi saa, nyuma ya soko la Kadutu, yule aliyeponyesha saa ya parokia. Kijana yule alisoma chochote kilichowekwa mbele yake, na hicho akakisoma bila kuvuta pumzi.

Baada ya miezi miwili directeur akalalamika kwamba orodha imekuwa ndefu, inakula dakika kumi nzima.

"Bafu ni bengi," Emérence akasema, bila kuondoa mikono kwenye mashine.