Theluthi ya Juu ya Bi Alawiya

Bi Alawiya wa Siyu anaogopa mijusi tangu utotoni. Akimwona mmoja jikoni, huacha mchuzi uungue, akaenda kuketi kwa jirani. Na huyo ndiye anayetegemewa na mijusi adimu kuliko wote kijijini kwetu.

Wana mikia ya buluu, na hukaa kwenye nyufa za ukuta wa mawe uliobaki wa nyumba ya marehemu babake. Mwaka jana Owen, mwanafunzi wa chuo kutoka bara, aliwatafuta Siyu nzima miezi mitatu. Alipata kumi na mmoja, wote ukutani hapo. Kwingine, alisema, kuta zimebomolewa na mawe kuchomwa chokaa, na paka wamemaliza waliosalia. Sisi hulia magofu yakibomolewa. Anayeishi ndani yake hatujawahi kumuuliza hali.

Kaka wa Bi Alawiya, Bwana Bakr, nyumba yake na ukuta ule ni pua na mdomo. Alitaka kuubomoa, mawe ayachome chokaa ya kupaka chumba cha harusi cha bintiye Fahima. Dada akakataa. Bakr akacheka sana: anayekimbia mjusi anawatetea wa nini?

"Nawaogopa," Bi Alawiya akamjibu. "Sikusema nawachukia."

Wakaenda kwa Sheikh Jeilani awagawie urithi wa ukuta huo. Kaka theluthi mbili, dada moja. Bakr akatoka kifua mbele, akamhimiza dadake achague sehemu yake upesi, wachoma chokaa wanangoja.

"Nataka theluthi ya juu."

Bakr alikubali kabla hajafikiri. Mafundi walipofika na mitaimbo, walimkuta Bi Alawiya keshaketi, mbali kidogo na nyufa. Akawaambia mawe ya chini ni ya kaka yake, wayachukue yote, ila ya kwake ya juu yasitikisike hata moja. Bakr akakimbilia kwa Sheikh, ambaye alicheka mpaka kilemba kikalegea, akamkumbusha kwamba alikubali mwenyewe.

"Na ukianguka wenyewe, dada?" Bakr akarudi kuuliza.

"Utaangukia chumba cha harusi."

Chumba kikapakwa saruji kutoka Faza, na Bakr mwenyewe akautegemeza ukuta kwa boriti za mikoko. Siku ya harusi Bi Alawiya alikuwa akiwaeleza wageni fadhila za viumbe wale, mjusi mmoja akatoka kuota jua kwenye boriti. Maelezo yaliishia hapo. Kiatu chake kimoja alikileta Bakr kwa jirani, jioni.