Maneno Tuliyowarushia Ndege

Harufu ya mpunga unaokaribia kuiva, ikichanganyika na tope la mto na moshi wa kuni mbichi, hunirudisha juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tulichohamia kila msimu kulinda shamba katika delta ya Rufiji. Mwaka nilipokuwa darasa la sita, mwalimu aliniazima kamusi yake ya Kiingereza isiyo na jalada, nisije nikaachwa nyuma na wenzangu. Niliibeba kama yai. Mama aliitazama, akasema, "Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu. Ndege wakishuka, kitabu kinarudi kwa mwenyewe."

Siku ya tatu nilizama katika herufi B. Nilipoinua macho, kweleakwelea walikuwa wameshaufunika upande mzima wa shamba. Mama hakunipiga. Aliifunga kamusi ndani ya khanga, akaitia kapuni. Ijumaa ingeondoka na mtumbwi wa mjomba.

Zilibaki siku mbili, nami nilibaki na maneno yaliyokwisha kuingia kichwani. Dungu la ng'ambo ya kijito lililindwa na binamu yangu Mwajuma, tuliyesoma naye darasa moja. Desturi yetu walinzi ilikuwa kuitana ili asisinzie mtu: mmoja akipiga ukelele, mwenzake sharti ajibu. Asubuhi iliyofuata nikarusha kidonge cha udongo kwa kombeo, nikapaza sauti, "Branch!" Likaja jibu, "Jina hilo. Tawi." Nikatuma "bring". "Kitendo. Leta." Nikatuma "big". "Sifa, kama kichwa chako." Nilicheka mpaka dungu likayumba. Kutwa nzima tulirushiana maneno, tukiyapanga kwa aina zake, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kushindwa, hatukunyamaza. Ndege hawakupata pa kutua.

Alhamisi alasiri tukakwama kwenye "bitter". Mwajuma alishikilia ni tamu, mimi nikaapa ni chungu. Tulibishana hadi sauti zikatukauka. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele chini, akalizunguka shamba lote taratibu, akishika suke hili na lile. Kisha akapanda ngazi na kapu lake, akaifungua khanga. "Tazama humo nani mwongo, mmenichosha masikio. Lakini midomo isifungwe."

Mtumbwi wa Ijumaa uliondoka bila kamusi.

Tangu hapo nimehama miji nisiyoweza kuihesabu, na kote Kiingereza kile cha kombeo kimenifungulia milango. Mwezi uliopita nilishuka Kibiti kumsalimu mama. Nikamwonyesha simu yangu, inayotoa maana ya neno kabla hujamaliza kuliandika. Akaiweka sikioni, akasikiliza.

"Mbona kimya?" akauliza. "Sasa hii inafukuza ndege gani?"