Paini Husubiriwa, Mtoto Hasubiriwi

Watu wa Kifanya wana subira ya ajabu, ila ni kwa miti tu. Mtu atapanda paini leo, akae miaka kumi na tano akizilinda na moto, wala hachimbui hata mche mmoja kuangalia mizizi imefika wapi. Mtoto je? Ah! Huyo akiingia chekechea Januari, Juni wanataka matunda.

Hayo Mwalimu Dainess kayaona kwa macho yake. Alianza kufundisha chekechea akiwa msichana, katika ghala la zamani la ushirika, mradi fulani ulipoleta mikeka, uji na mshahara wake mdogo. Aliowapokea ni watoto wa vibarua wa mashamba ya miti, wale waliokuwa wakishinda kwenye matuta ya viazi huku mama zao wakilima. Aliwafundisha kungoja zamu, kusema "sijaelewa" bila kulia, na kumaliza walichokianza. Wenye akili zao wakamcheka: ati analipwa kwa kuimba na vitoto!

Halafu wakaja wapimaji wa mradi. Lo, wapimaji! Walifika kutoka Njombe mjini, makoti yamefungwa mpaka shingoni, wakawapa mtihani watoto wa darasa la tatu, waliopita kwa Dainess na wasiopita. Wakakuta wanalingana kusoma. Basi! Wakatikisa vichwa, wakala kuku, wakaondoka, na mradi ukafungwa. Hakuna aliyerudi kuwaona watoto wale wakiwa watu wazima. Arudi kufanya nini, na posho imekwisha?

Dainess hakufunga. Wazazi walimletea kuni na viazi, naye akaendelea hivyo hivyo, asubuhi darasani, jioni shambani. Ema, binti wa kibarua, aliyekuja kwake pekupeku na makamasi mpaka kidevuni, alimaliza kidato cha nne, akaenda Makambako kuuza katika duka la mchele la Zuena. Huyo Zuena haamini hata kivuli chake mwenyewe, lakini siku hizi akifuata mzigo Mbeya, funguo za duka humwachia Ema. Hajawa waziri, na Dainess hakumwahidi mtu mawaziri. Ila wengi wa rika lake walioachwa kwenye matuta waliishia darasa la tano, na pombe ya ulanzi ikawamaliza.

Mwaka huu parachichi zimepata wanunuzi, na Agustino akapandwa na tamaa. Huyu ndiye mwenye paini nyingi kuliko wote hapa, na mdomo wake ni mrefu kuliko paini zake. Akaitisha kikao cha kitongoji: ghala ligeuzwe pa kukusanyia parachichi, vitoto vikaimbe kwao.

"Hata wataalamu walisema haina faida," akatamba. "Au mwalimu anajua kuliko wataalamu?"

Dainess akainuka. Bila ghala hakuna chekechea. Nani atafundisha watoto nje, kwenye mvua ya Kifanya na baridi ya Juni?

"Mzee Agustino, ukikata paini ya miaka mitatu unapata nini?"

"Kuni!" Agustino akajibu akicheka.

"Basi ndivyo wataalamu hao walivyotukata sisi."

Watu wakaguna, wakapiga na makofi. "Maneno ya kwenye khanga hayo," Agustino akasema. "Wanaotaka parachichi, nyoosheni mikono!" Akaanza yeye, na mikono ikapanda. Ndivyo tulivyo, hatuna haya: makofi tunampa mwalimu, kura tunampa tajiri.

Ndipo Kefa akasimama. Kefa ni kitinda mimba wa Agustino, anapakia na kupakua malori huko Makambako, na jana yake alikuwa amekuja na binti yake mdogo, Jasmine.

"Baba, wenzangu walipokuwa humo ghalani, mimi uliniweka shambani nifukuze ngedere. Ulisema mtoto wa mwenye mashamba hana haja ya kwenda kuimba na watoto wa vibarua."

"Kaa chini, Kefa!"

"Nilifika darasa la nne nikachoka, na mpaka leo kila kitu nakichoka. Ema ni rika langu, baba yake alikuwa kibarua wako. Leo nashusha magunia kwenye duka analoshika yeye, na yeye ndiye ananiambia niyapange wapi." Akamshika binti yake kichwani. "Sikulaumu, Baba. Lakini Jasmine nimemleta akae kwa bibi yake, asome kwa mwalimu huyu. Sasa niambie mbele za watu: kesho nimpeleke kwa mwalimu, au nimpeleke kwa ngedere wako?"

Agustino akageuka. Akamtazama mjukuu wake, aliyekuwa ameng'ang'ania suruali ya Kefa. Kisha ule mkono aliokuwa wa kwanza kuunyoosha akaushusha taratibu, akauficha ndani ya koti.