Wasimfukuze

Khalati, mdogo wake mama, alipewa dakika tatu za kusema mbele ya kamati ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji, na mimi nikapewa kazi ya kumfasiria. Ilikuwa mchana, katika ukumbi wenye mazulia ya kijivu huku ughaibuni, Hounslow. Kamati iliitwa kuamua kama fedha za umma zitumike kuwapa polisi vifaa vipya vya kufuatilia magari yanayowakimbia.

Miezi michache kabla, gari la wizi lililokuwa likiwakimbia polisi lilipanda njia ya waendao kwa miguu na kumkumba khalati kituoni. Alikuwa akingoja basi la kwenda kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Nyonga ilivunjika, ikaunga. Lakini tangu siku ile king'ora kikilia, hata mtaa wa tatu, mkono wake hutafuta ukuta. Aliposikia habari za kamati alisema, "Nipeleke. Hicho kitu wakikubali kukinunua, mwengine hatolala pale nilipolala mimi."

Afisa wa polisi alitangulia kueleza. Gari lao hufungwa mtambo mbele, na mtambo hurusha kidude kinachonata nyuma ya gari linalotoroka. Kisha polisi hupunguza mwendo, wakabaki nyuma, wakiliangalia kwenye ramani mpaka dereva achoke kukimbia.

"Kupe huyo," khalati akaninong'oneza, akacheka.

Zamu yake ikafika. Akasimama na fimbo yake, buibui la Idi limepigwa pasi hata mikunjo inang'aa.

"Mimi simtetei mwizi," alisema. "Mwizi akamatwe. Nasema tu, wasimfukuze. Mtu akifukuzwa hatazami mbele, anatazama nyuma tu."

Mimi nilizaliwa hapa. Kiswahili changu nilikiokota mezani, baina ya sahani na sahani, na neno kufukuza nililijua kwa maana moja, kwani nyumbani kwetu lilisemwa kwa maana hiyo moja: babu alifukuzwa kazi baada ya Mapinduzi, wakafukuzwa nyumba, wakaondoka nchini. Kwa hiyo nikawaambia wanakamati, kwa Kiingereza safi na sauti ya kutetemeka, kwamba hata mwizi asitolewe nchini, kwa sababu mtu aliyetolewa kwao hatazami mbele, anatazama nyuma tu.

Niliona mwanamke mmoja akifuta jicho. Mwenyekiti akavua miwani. Alisema kwa upole kwamba amesikitika sana, ila mambo ya uhamiaji hayamo katika mamlaka ya kamati hii.

Neno hilo la uhamiaji khalati alilijua. Nani wetu halijui? Akanigeukia.

"Nani kataja uhamiaji? We mtoto, umewaambia nini?"

Nikamwambia.

"Yarabi! Fukuza! Vruuum! Fukuza!" Akashika usukani wa hewani, akapiga king'ora kwa mdomo, fimbo ikaanguka. "Mwandishi wa vitabu huyu! Kutwa unaandika, neno moja limekushinda!"

Kamati nzima ikacheka, na wakati ule ule kengele ya dakika tatu ikalia. Dakika zake zote tatu, nami nimezimwaga kwa neno moja.

Mwenyekiti akaangalia saa. "Kosa ni la mkalimani," alisema. "Tumwongezee dakika moja."

Khalati hakuningoja. Alisema mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha kazini, kile cha kuwaomba wazee wainue mkono wavishwe shati.

"Polisi karibu, yeye mbio zaidi. Polisi mbali, yeye pole pole. Katikati, mimi."

Akakaa.

Kura ilipoitishwa, mjumbe aliyekuwa amepinga tangu mwanzo, akitaka fedha ziende kwenye taa za barabarani, alikuwa wa mwisho kuinua mkono, taratibu, kama mtu anayevuliwa koti. Majaribio ya mwaka mmoja yakakubaliwa.

"Wamekubali?" khalati aliuliza.

"Wamekubali."

Akanyoosha mguu mbovu mbele yake, akausugua. Nje, afisa yule alimwonyesha mtambo kwenye gari lake. Khalati akauinamia, akaugonga kwa ukucha.

"Na mvua ikinyesha, hicho kidude kitanata?"

Nilimfasiria, safari hii neno kwa neno. Afisa akasema hilo hasa ndilo watakalolijaribu.

"Haya, jaribuni," alisema. "Nitakuja kuuliza."