Nyota Changa Ndani ya Vumbi

Mwaka jana, mwezi wa pili, tulikuwa tunafukia majani kwenye ntumba, yale matuta ya duara tunayolima huku Ufipa. Mjukuu wangu akaanza kunieleza kazi yake ya chuo kikuu. Alisema kuna galaksi mbili, yaani makundi makubwa ya nyota, zinagongana, na katika vumbi la mgongano huo zinazaliwa nyota changa, mafungu kwa mafungu. Jicho halizioni. Huko chuoni wana chombo kinachopokea joto linalopenya vumbi.

Nikamwambia kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mke mwenzangu, kwa hilo ulihitaji chuo?" Nikaushika mkono wake nikauzamisha kwenye tuta la wiki iliyopita. Majani ndani yalikuwa yanaoza, ya moto kama uji. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndiyo hivyo hivyo, bibi!"

"Na nyota za fungu moja hukaa pamoja?"

"Mafungu machache ndiyo hudumu. Mengi husambaratika nyota zikiwa bado changa."

Akapangusa udongo mkononi, nami nikajua hakuja kulima. Akasema amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Mimi nilizaa sita. Wanne nimewazika, wawili wako mijini na hawapigi hata simu. Huyu ndiye niliyemtegemea abaki na shamba.

"Utarudi lini?"

Sikumlea kusema uongo. "Sijui, bibi."

Tukamaliza matuta ya siku ile. Yaliyobaki sijayafukia majani hadi leo, maana simwoni atakayepanda mbegu humo.